Mafini Kumi kwa Gramu Tatu

Kwenye mikahawa ya Shangani na Barabara ya Kenyatta, hapa Unguja, ndani ya kabati la kioo lililo karibu na mashine ya kahawa, mafini ya oti haikosekani. Imekaa kwenye karatasi yake ya kahawia, juu imenyunyiziwa chembe za oti, pengine na zabibu kavu mbili tatu, na mara nyingi bei yake imeipita ya keki iliyo ubavuni mwake. Mgeni anayeikwepa keki huichukua hiyo. Siku hizi na wenyeji wamo: mfanyakazi wa Vuga anayekunywa chai ya asubuhi ofisini, kijana aliyeambiwa na daktari apunguze mafuta, mama anayetafuta cha kumtilia mtoto mkobani. Na si Mji Mkongwe peke yake. Ng'ambo yote, kutoka Kikwajuni hadi Mwanakwerekwe, wako wanawake wanaozioka nyumbani kwa oda za simu na kuzipeleka kwa bodaboda zikiwa bado na joto.

Jina zuri la mafini hii limebebwa na nafaka moja. Oti, ambazo wengi wetu tunaziita shayiri, kweli ni chakula bora. Katika gramu 100 za oti kavu zilizobanwa mna protini gramu 13 hivi, ambazo ni nyingi kuliko za mchele na za unga wa ngano mweupe, na nyuzinyuzi zipatazo gramu 10. Mchele mweupe wa uzito huo huo una nyuzinyuzi gramu moja na kidogo. Oti zina madini ya chuma, magnesiamu ya kutosha na mafuta kiasi, tena mengi yake ni yale yasiyoganda. Hapo hakuna wa kubisha.

Swali ni oti ngapi zimo ndani ya hiyo mafini.

Tuingie jikoni. Kipimo ambacho waokaji wengi hukifuata kwa mafini 12 ni hiki, au kinakaribia: kikombe kimoja cha oti (gramu 90), kikombe kimoja na nusu cha unga wa ngano (gramu 190), robo tatu ya kikombe cha sukari (gramu 150), nusu kikombe cha mafuta ya kupikia, mayai mawili, kikombe cha maziwa, bekingi pauda, chumvi kidogo na iliki. Iliki haina budi, hapa Unguja keki isiyonukia iliki huonekana kama imesahauliwa. Vimiminika vinapigwa peke yake, vikavu vinachanganywa peke yake, kisha vinakutanishwa kwa mwiko bila kukorogwa sana, maana ukikoroga sana ngano inavuta na mafini inatoka ngumu kama mpira.

Sasa tupige hesabu. Mchanganyiko wote una kalori kama 2,880. Ukigawa kwa 12, kila mafini ina kalori 240. Protini ni gramu 4 na kidogo. Sukari ya kutiwa ni gramu 12 na nusu, yaani vijiko vitatu vya chai. Nyuzinyuzi, ambazo ndizo zilizotuleta hapa, ni gramu 1.2 tu. Unga mweupe umezidi oti mara mbili, sukari nayo imezizidi. Kilichotoka ovenini ni keki yenye oti ndani yake.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilisema sukari ya kutiwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu anayopata mtu kwa siku, na ikishuka chini ya nusu ya hapo ni bora zaidi. Kwa mtu mzima hiyo nusu ni kama gramu 25. Mafini mbili zimeshaimaliza, na chai ya maziwa yenye vijiko viwili bado haijaguswa. Mwaka 2023 shirika hilo hilo likataja nyuzinyuzi: mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Kwa mafini za namna hii, hapo itabidi ule zaidi ya 20.

Lakini sifa kubwa ya oti haipo kwenye nyuzinyuzi kwa jumla. Ipo kwenye aina moja iitwayo beta-glukani. Ukipika uji wa oti ukauacha kidogo, ule utelezi unaoshika mwiko ndio wenyewe. Tumboni hufanya vilevile: hunywa maji, huvimba, hukifanya chakula kiwe kizito na kitembee polepole, na sukari ikaingia kwenye damu taratibu. Zaidi ya hapo, huing'ang'ania nyongo iliyomwagwa utumboni na kutoka nayo. Ini likiona nyongo imepungua hutengeneza nyingine, na malighafi yake ni kolesteroli inayovutwa kutoka kwenye damu. Ndiyo sababu mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikubali mwaka 1997 kwamba vyakula vya oti viandikwe kuwa vinaweza kupunguza hatari ya maradhi ya moyo, kwa sharti mlaji apate gramu tatu za nyuzinyuzi hizo kila siku, ndani ya mlo usio na mafuta mengi ya kuganda. Umoja wa Ulaya nao ulikuja kukubali kiasi hicho hicho. Kolesteroli ile mbaya hushuka kwa asilimia 5 hadi 7 hivi. Haitoshi kumfanya mtu atupe dawa zake, lakini si haba kwa kitu kinachopikwa kwenye sufuria.

Gramu 100 za oti zina beta-glukani kama gramu 4. Mafini yetu moja ina oti gramu 7 na nusu, kwa hiyo beta-glukani yake ni gramu 0.3. Ili uzifikie gramu tatu unahitaji mafini kumi kwa siku. Mafini kumi ni kalori 2,400 na sukari gramu 125.

Wamarekani walishaipita njia hii kabla yetu. Mwaka 1987 mwandishi Robert Kowalski alitoa kitabu kilichoahidi kushusha kolesteroli kwa wiki nane, na kati ya nguzo zake ilikuwa mafini za pumba za oti. Nchi nzima ikapagawa. Pumba zikaadimika madukani, kila mwenye kiwanda akawa anatia oti kwenye kitu chake, hata kwenye vibanzi vya viazi, ili aandike jina lake juu ya pakiti. Januari 1990 jarida kubwa la tiba la New England likatoa utafiti mdogo, wa watu 20, ulioonyesha kwamba pumba za oti na ngano isiyo na nyuzinyuzi nyingi zilishusha kolesteroli karibu sawasawa, na shauku ikazimika kama ilivyowaka. Tafiti nyingi za baadaye zilizirudishia oti heshima yake, na ndipo tukafika kwenye uamuzi wa 1997. Mafini zenyewe hazikurudishiwa kitu. Zile za kiwandani zilikuwa zimeshajaa sukari na mafuta, na watu walikuwa wanakula keki kwa nia ya dawa.

Kinachonishangaza ni kwamba Unguja ilikuwa inakula oti vizuri kabla ya mafini kufika. Tena inazila usiku, mwezi wa Ramadhani, zikiwa na nyama. Shurba. Nyama ya mifupa huchemshwa na vitunguu, thomu, tangawizi na bizari ya pilau, ikiiva hutiwa ngano iliyopondwa au oti, ikapikwa mpaka mchuzi ukashikana. Hutolewa na ndimu, baada ya tende na kabla ya vyakula vizito. Waswahili wa Maskati wanaijua pia, kwani Oman na Ghuba nzima shurba ya oti ni chakula cha futari kila mwaka, na hapa na kule mkono ni mmoja. Mwenye kuipenda nzito akitia gramu 240 za oti kwenye chungu cha watu sita, kila bakuli lina oti gramu 40: nyuzinyuzi gramu 4, beta-glukani gramu 1.6, ambayo ni zaidi ya nusu ya kile kiasi cha siku. Sukari hamna. Nyama imeongeza protini na chuma, ndimu imekisaidia hicho chuma kuingia mwilini. Mwezi mmoja kwa mwaka tunazila oti kama zinavyotakiwa kuliwa, halafu miezi kumi na moja tunazinunua kwenye karatasi ya kahawia.

Na tuna nafaka nyingine, ya siku zote, ambayo haikuja kwa meli wala kopo. Mkate wa mofa.

Mofa ni mkate wa unga wa mtama au uwele. Unga hukandwa na maji na hamira, ukaachwa uchachuke, ukafanywa madonge na kubandikwa kwenye ukuta wa ndani wa tanuri la udongo lililokokwa moto. Unatoka na ngozi iliyobabuka kidogo na tumbo zito, la kijivu, lenye uchachu wa mbali. Lazima uliwe ukiwa moto. Ukipoa unakuwa kazi ya meno. Jioni mteja humwambia muuzaji, "Bi mkubwa, nitilie miwili ya moto," akashika njia na karatasi inayomuunguza mkono, akaenda kuula na mchuzi wa pweza au na maharage ya nazi. Wapo siku hizi wanaochanganya unga wa ngano ili mkate uwe laini, na mnunuzi huujua kwa rangi.

Mkate uliotumia unga wa mtama usiokobolewa gramu 60 una kalori kama 215, nyuzinyuzi gramu 4, protini gramu 5, na sukari ya kutiwa hamna kabisa. Uweke kando ya mafini: kalori karibu sawa, nyuzinyuzi mara tatu na zaidi. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa mtama, uwele, ulezi na ndugu zao, kwa sababu nafaka hizi zinavumilia ukame na zina lishe. Zinaota hata kwenye ardhi ya mawe ya kusini na mashariki ya Unguja, ambako mpunga hautaki. Oti hazioti hapa. Zinataka baridi, na nyingi duniani hutoka Kanada, Urusi na Australia.

Tusiupambe mtama kupita haki yake. Beta-glukani yake ni kidogo mno, kwa hiyo kwa kazi ile ya kuvuta nyongo na kolesteroli, oti zinashinda. Protini ya mtama haimeng'enywi vizuri ikishapikwa, na imepungukiwa na laisini, moja ya vijenzi vya protini, ndiyo maana maharage au pweza kando yake si mapambo. Baadhi ya mtama mwekundu una tanini inayozuia chuma kisiingie mwilini. Kule kuchachuka kwa usiku mmoja kunapunguza kizuizi cha namna hiyo, na kunywa chai saa moja baada ya chakula badala ya pamoja nacho kunapunguza kingine, kwa maana chai nayo ina tanini zake. Ushauri huu wa chai unamhusu zaidi mama mjamzito, na ndio unaopuuzwa kuliko wote, kwa kuwa nani atakula mkate bila chai?

Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama mkate wa kumimina hauwezi kukaa upande wa mofa. Naupenda, na hauwezi. Ni mchele mweupe uliorowekwa na kusagwa na tui zito la nazi, hamira, iliki na sukari, ukaokwa kwa makaa juu na chini. Ni mkate wa maulidi na wa wageni. Mchele hauna nyuzinyuzi za kutaja, na tui lina mafuta mengi ya kuganda. Mkate wa mayai ni keki iliyokiri kuwa keki, na kwa ukweli huo nauheshimu kuliko mafini. Maandazi tuyaache yalivyo.

Basi mwenye kutaka mafini hasa afanye nini? Apindue kipimo. Oti zishike nafasi ya unga wote, na utamu utoke kwenye vitu vinavyokuja na nyuzinyuzi zake. Chukua oti gramu 200. Nusu yake isage kwenye blenda iwe unga, nusu iache nzima. Ponda ndizi mbivu kama gramu 300 baada ya kumenya, zile zilizoanza madoa meusi, ambazo muuzaji wa Darajani anakaribia kukupa bure. Roweka tende gramu 80 zisizo kokwa kwenye maji ya moto, uzipondeponde. Tia mayai mawili, kikombe cha maziwa ya mtindi, vijiko vitatu vya chakula vya mafuta, bekingi pauda, magadi nusu kijiko, iliki na mdalasini. Mtindi na magadi hufanya kazi pamoja kuinua kinyunga. Ukitia maziwa mabichi, mafini italala. Uache mchanganyiko ukae robo saa kabla ya kuoka ili oti zinywe maji. Asiye na oveni atumie sufuria yenye mchanga ndani na makaa juu ya mfuniko, kama anavyooka mkate wa mayai.

Zitatoka 12. Kila moja ina kalori 160 badala ya 240, protini ile ile ya gramu 4, nyuzinyuzi karibu gramu 3, na hakuna hata kijiko cha sukari ya kutiwa. Beta-glukani imepanda hadi gramu 0.67. Bado ni nne na nusu kwa gramu tatu, kwa hiyo hata hii si dawa, lakini mbili asubuhi na bakuli la uji wa oti jioni zinakufikisha. Umbo lake ni fupi, halipasuki juu kama kuba, na anayetarajia ulaini wa keki atanuna mara ya kwanza.

Aina ya oti nayo ina neno. Zilizokatwa vipande hukawia kumeng'enywa kuliko zilizobanwa, na zilizobanwa kuliko zile za dakika moja, ambazo zimeshapikwa na kukatwakatwa kiwandani kiasi kwamba sukari yake huingia kwenye damu kwa kasi. Vipakiti vidogo vya ladha ya asali au matunda ni sukari iliyofungwa pamoja na oti. Soma ubavuni mwa pakiti, viungo huandikwa kwa kufuata uzito, na sukari ikiwa ya pili hapo umeshajua. Mwenye kisukari anayefuata kliniki ya Mnazi Mmoja, au kliniki yoyote, asidhani tende na ndizi hazihesabiwi: ni sukari pia, ila zimekuja na mzigo wao. Moja na yai la kuchemsha ni bora kuliko tatu na chai tupu, na dawa zake asizipunguze bila daktari. Asiyevumilia gluteni asiridhike kwamba oti si ngano, kwani hulimwa, husafirishwa na kusagwa pamoja nayo mara nyingi. Kwake mofa ya mtama mtupu ni salama zaidi, akiwa na hakika ya unga.

Waokaji wa oda wanalijua jambo ambalo wanunuzi hatulitazami: sukari hiyo haimo kwa utamu peke yake. Sukari huyashika maji, na ukungu ukakosa pa kuotea. Mafini yenye gramu 12 hukaa siku tatu kwenye kabati la kioo, hata wakati wa masika, Unguja inapokuwa na unyevu unaolowesha chumvi mezani. Hii ya ndizi na tende huanza kubadilika siku ya pili jioni. Wengine wamepata njia ya kuzitia kwenye friza na kuzipasha wakati wa kuuza, na kwa ladha haidhuru kitu. Lakini watafiti waliozipima mafini za pumba za oti zilizogandishwa kwa wiki kadhaa walikuta sehemu kubwa ya beta-glukani haiyeyuki tena kama mwanzo, na isiyoyeyuka haitelezi, na isiyoteleza haivuti nyongo. Kwa hiyo zinabaki za kuokwa usiku na kupelekwa alfajiri, kwa hesabu ya walioagiza, kama mofa inavyouzwa mpaka donge la mwisho na tanuri likafunikwa. Muuzaji wa namna hiyo hawezi kujaza kabati la mkahawa. Anaweza kulisha ofisi mbili na skuli moja, na kwa mtaji wa makopo matatu ya oti na mkungu wa ndizi, wapo wanaoianza biashara hiyo sasa.